Mnara wa Mjomba na Stempu Yangu

Mjini Morogoro mimi ndiye mtaalamu wa stempu. Nasema hivi bila majivuno, maana sina mpinzani. Wenzangu wote wana mambo ya kufanya. Nina albamu yenye jalada la kijani, nina lenzi ya kukuzia niliyoipata sokoni kwa muuza miwani, na nina kibano cha kushikia stempu ambacho mke wangu alikuwa aking'olea nyusi kabla sijakitaifisha. Kazi inayonilisha ni ualimu wa jiografia katika sekondari, lakini mtu akija nyumbani simwonyeshi madaftari ya kusahihisha. Namwonyesha albamu. Mke wangu huwa anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni kinaungua.

Stempu ninayoipenda kuliko zote ni ya rangi ya hudhurungi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ina picha ya mnara wa saa wa kule kisiwani. Kisiwa chenyewe sikitaji. Wenyeji wake wana ubishi, na ubishi wa nyumbani kwangu unanitosha. Mnara umesimama mweupe, paa limechongoka, saa iko juu kabisa, na pembeni yake bahari. Ukiweka lenzi unaiona mishale: mdogo uko kwenye tatu, mkubwa umesimama wima juu.

Niliipata nikiwa darasa la nne. Siku hiyo mwalimu wetu alitufundisha kwamba stempu haibanduliwi kwa kucha, inaloweshwa. Nikakimbia nyumbani, nikavuta kopo la mama chini ya kitanda, nikatoa bahasha ya zamani na vyote vilivyokuwamo, nikaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto. Stempu ikaelea safi kabisa. Bahasha na karatasi ya ndani vikawa uji, na wino ukayageuza maji kuwa bluu. Mama alipokuja akaliona lile bakuli, hakunichapa. Alikaa kimya mpaka jua likazama. Mimi nikafurahi, nikajua nimesamehewa.

Sasa nimseme mjomba, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba anaheshimiwa, analishwa vizuri, lakini neno la ukoo linatoka kwa mjomba. Huyu wangu anakaa juu milimani, mahali ambapo pikipiki inakushusha inakwambia samahani, kuanzia hapa tumia miguu yako. Analima njegere na kabichi. Shule hakusoma. Na kwa muda wote ninaoukumbuka, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo: harusi, msiba, kutoa mwali, hakuna sherehe iliyofunguliwa bila yeye kusimama, kurekebisha kofia yake, na kuanza kusema.

Tatizo alikuwa akisema jambo moja tu. Alipokuwa kijana alivuka kwenda kisiwani kuchuma karafuu, na huko akauona ule mnara. Basi! Mwali anatolewa, yeye anausema mnara. Maharusi wanasubiri mawaidha, yeye yuko chini ya mnara. Tuliijua hadithi hiyo hadi mahali anapokohoa. Ila mwisho wake hatukuwahi kuusikia, kwa sababu kila mara alipokaribia, sinia za pilau zilianza kutoka jikoni, na ukoo wetu ukiona sinia hauna adabu.

Alipenda sana kuja kwangu mjini kuitazama ile stempu. Alikuwa akishusha gunia lake la njegere barazani, anaitikia shikamoo yangu, kisha anasema, "Mjomba, hebu nionyeshe." Anaishika albamu kwa mikono miwili, anaisogeza, anairudisha, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mchumba. Na mimi, kwa ile akili yangu ya chuo, nikaanza kujiuliza: huyu mzee mnara aliuona kisiwani, au aliuona hapa barazani kwangu?

Mungu anisamehe, lile wazo lilinipendeza. Unajua mtu msomi akipata shaka yake mwenyewe anavyoilea.

Mwaka juzi tulikuwa tunamtoa mwali, binti wa dada yangu. Ukoo ulipanda wote mlimani: wa Gairo walikuja na karanga zao, wa Kisaki walikuja wakilalamikia treni, na binamu yangu wa mjini, mstaafu wa ofisi fulani, alikuja na kipaza sauti chake mwenyewe. Kipaza sauti! Mahali ambapo ukipiga chafya, ng'ambo ya bonde wanakuombea afya. Binamu huyu alikuwa akiutamani usemaji wa ukoo kwa muda mrefu. Alikuwa amekwisha kuninong'oneza kwamba wakati umefika wa kuwa na msemaji mwenye upeo.

Mjomba akasimama. Akarekebisha kofia. Akaanza safari yake: chombo, tumbo kuchafuka, karafuu, mikono kunuka karafuu mpaka usingizini. Akafika kwenye mnara.

"Siku hiyo," akasema, "saa tatu asubuhi kamili nilikuwa chini ya mnara. Nikainua macho. Mshale mdogo uko kwenye tatu, ule mkubwa umesimama juu. Nikamwambia yule..."

"Samahani, mjomba," nikasema.

Watu wakageuka. Sijui ni shetani gani aliyenisimamisha. Nasema shetani, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshajiandaa. Albamu ilikuwa kwenye mkoba.

"Saa tatu asubuhi," nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani, "mshale mdogo unakuwa kwenye tisa. Hebu kila mwenye saa atazame mkononi mwake. Saa tatu asubuhi, mshale kwenye tisa. Saa tisa alasiri, mshale kwenye tatu. Au mimi nimekosea?"

Kila mwenye saa akatazama. Hata wasio na saa walitazama mikono yao. Nikatoa albamu, nikaizungusha mkono kwa mkono. Mishale ileile, tatu na juu! Nikaeleza, taratibu, kama mtu anayewasaidia wenzake, kwamba mjomba wetu amekuwa akiitazama picha hii kwangu mara nyingi, na kwamba umri una mambo yake. Mzee ameisoma stempu, ameisoma vibaya, kwa sababu hana saa wala hajawahi kuwa nayo.

Jamani, walicheka! Binamu wa Kisaki aliishiwa nguvu akakaa juu ya mkungu wa ndizi. Binamu wa kipaza sauti hakucheka, yeye alikiwasha. Mjomba alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, mkono bado uko hewani pale alipokuwa anamwonyesha "yule." Kisha akaushusha. Akasema, "Haya," akaenda kukaa nyuma, karibu na masufuria.

Ningekuwa na haya ningeishia hapo. Jioni ile niliipiga picha stempu nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na maelezo chini. Nilipata vikaragosi vya kucheka mpaka simu ikaisha chaji. Kuanzia siku hiyo mjomba akawa anaitwa Stempu. Watoto wa jirani ambao walikuwa hawajui hata stempu ni kitu gani, walimwita Stempu.

Usemaji ukaenda kwa binamu. Sherehe iliyofuata alisema kuhusu mchakato. Ile nyingine akasema kuhusu wadau. Alisema kwa kirefu, na sinia zilipotoka aliendelea kusema, kwa sababu alikuwa na kipaza sauti na sisi hatukuwa nacho. Mjomba alikuwa akikaa nyuma akimenya ndizi na wanawake. Mjini kwangu hakuja tena. Njegere alinitumia kwa mtu, gunia lilelile, limefungwa vizuri kama kawaida, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi. Angenuna basi, tujue moja!

Mwaka huu nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza somo la jua na kivuli. Nimelifundisha somo hili miaka yote: unachomeka fimbo uwanjani, asubuhi jua liko mashariki, kivuli kinalala kuelekea magharibi, mchana kinajikunja, alasiri kinalala kuelekea mashariki. Ng'ombe angeelewa. Lakini mimi napenda kupamba, kwa hiyo nikaikuza picha ya stempu yangu, nikaibandika ubaoni, nikaweka swali: picha hii inaonyesha saa ngapi? Jibu ni saa tisa alasiri. Darasa zima likaandika saa tisa alasiri, maana nilikuwa nimeshawaambia.

Binti mmoja akaandika saa tatu asubuhi. Nikampiga mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa.

Akanifuata ofisini, daftari mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hapa umenikosesha."

"Marahaba. Umejikosesha mwenyewe. Mshale uko wapi?"

"Kwenye tatu."

"Haya sasa."

"Lakini kivuli, mwalimu." Akaweka kidole kwenye picha. "Kivuli cha mnara kimelala mpaka kwenye bahari. Na wewe ulituambia mji ule unaitazama bara, bahari yake iko magharibi. Kivuli kikielekea magharibi, si ni asubuhi?"

Nikavaa miwani. Nikaivua nikaifuta, nikaivaa tena. Kivuli kilikuwepo. Mistari myembamba ya hudhurungi, imelala kutoka kwenye mguu wa mnara hadi kwenye maji. Miaka yote nimeitazama stempu ile kwa lenzi, nimehesabu madirisha, nimehesabu hata meno ya pembeni, na kivuli sikukiona. Mimi! Mwalimu wa kivuli!

"Sasa mshale utakuwaje kwenye tatu asubuhi?" nikamuuliza, na sauti yangu nikaisikia imekuwa ndogo.

Akanitazama kwa huruma. "Si saa tatu, mwalimu? Labda waliitegesha iseme tatu."

Mezani pembeni alikuwapo mwalimu wa hesabu, ambaye kwao ni kulekule kisiwani. Alikuwa akinywa chai, hakuinua hata kichwa. "Zamani ile saa ilikwenda kwa saa zetu," akasema. "Jua likishachomoza ndipo inaanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Babu yangu alikuwa akisema ninyi wa bara mnavaa saa inayosema tisa halafu mnasoma tatu, na bado mnajiona wazima."

Nikamrudishia binti alama yake. Kama saa ile ilisema tatu asubuhi, basi hakuna namna ya mtu asiyesoma somo la kivuli kulijua jambo hilo kutoka kwenye stempu. Mimi niliitazama stempu maisha yangu yote na sikulijua. Angelijua mtu mmoja tu: aliyesimama pale chini, asubuhi, akainua macho.

Jumamosi nilipanda mlimani. Pikipiki ikanishusha ikaniomba samahani, nikaenda kwa miguu huku nikitunga maneno. Nilimkuta mjomba anapalilia kabichi. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za mke wangu, habari za shule, habari za mvua ya huko chini, yote kwa utaratibu wake. Nikashindwa kuvumilia.

"Mjomba, ulikwenda kisiwani."

Akachuma jani lililoliwa na wadudu, akalitupa. "Sikwenda."

"Ulikwenda! Mnara uliuona, na saa ilisema tatu, kama ulivyosema."

"Mlisema sikwenda. Watu wenye shule walisema, na kila mtu akatazama saa yake. Nimekaa nikifikiri, labda kweli ni picha. Mtu akizeeka hajui kipi alikiona na kipi alionyeshwa." Akanyoosha mgongo. "Nimeshazoea, mjomba. Niache."

Hapo ndipo nililia. Sioni aibu kuliandika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa jembe, lakini sikujiandaa kumkuta ameniamini. Nikatoa albamu nimwonyeshe kivuli, akaisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono.

"Hiyo ndiyo iliyoniponza," akasema. Kisha, baada ya kupalilia kabichi kama tatu hivi: "Wewe uliyasema yale mbele ya watu. Leo mbona umekuja peke yako?"

Nilishuka mlima na swali hilo, likanisumbua wiki mbili nzima. Kuomba msamaha shambani, mbele ya kabichi, hilo naliweza. Lakini kusimama mbele ya ukoo, na wa Kisaki, na wale niliowafundisha mimi mwenyewe, niseme mwalimu wa jiografia hakukiona kivuli? Mke wangu aliniambia maneno machache tu. Aliniambia hitima ya mama yangu imekaribia, na ukoo wote utakuwepo.

Siku ya hitima tulisoma dua, tukamaliza. Binamu akaamka, akapuliza kipaza sauti chake, akasema, "Ndugu wadau." Nikakichukua mkononi mwake. Hakukiachia kirahisi, tulivutana kidogo, na kikapiga yowe lililowashtua kuku.

Nikasema yote. Nikasema kuhusu kivuli, bahari, binti wa kidato cha kwanza na mkasi niliompiga. Nikasema saa ya kule ilikwenda kwa saa zetu, na kwamba katika uwanja mzima siku ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa anasema kweli, nami nilimkalisha chini. Nikaona wengine wanatazama saa zao tena.

"Kwa hiyo, mwalimu, ulikosea?" akauliza binamu wa Kisaki, kwa sauti ya mtu anayekula kitu kitamu.

"Nilikosea."

"Rudia, hatujasikia vizuri huku nyuma."

"Nilikosea!"

Wakacheka, na safari hii nilistahili. Mjomba alikuwa kwenye masufuria, kisu cha ndizi mkononi. Nikamwendea, nikampa kipaza sauti. Akakitazama, akanirudishia, akafuta mikono yake. Akaja mbele polepole. Akarekebisha kofia.

"Nilikuwa nimefika wapi?" akauliza.

Yule mwali wa mwaka juzi, sasa mtu mzima na mtandio wake, akasema, "Ulikuwa umemwambia yule."

"Ehe." Mkono ukapanda hewani, palepale ulipokuwa umeachwa. "Nikamwambia yule mwandishi wa barua. Alikuwa na meza yake pale chini ya mnara, na wino, na stempu kwenye kibati. Nikamwambia, niandikie kwa dada yangu. Huyu tunayemsomea leo. Mimi kuandika sijui. Nikasema, yeye akaandika, nikasema, akaandika, mpaka karatasi ikajaa mbele na nyuma. Halafu akatoa stempu, nikaona ina mnara uleule tuliokuwa tumekaa chini yake. Nikacheka, nikamwambia wewe bwana, mnara mzima nautuma Morogoro! Akanipa niilambe mwenyewe. Nikaibandika kwa mkono huu."

Sinia za pilau zikatoka jikoni. Hakuna aliyeinuka.

Nilikuwa nimekaa, albamu niliyokuja nayo kuonyesha kivuli imefunguka magotini mwangu, na sikuweza kuitazama. Nililiona bakuli la maji ya bluu. Nilimwona mama amekaa kimya mpaka jua linazama, na mimi nimefurahi.

"Mjomba," nikasema, "barua ilisemaje?"

Midomo yake ilisogea kama anayejaribu maneno, moja baada ya jingine, na kuyarudisha.

"Nimesahau, mjomba," akasema. "Ndiyo maana niliandikisha."